Kipaimara kikishapita: elimu ya Kikristo na ushirika wa rika zote usharikani

Swali: "Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hapa Morogoro mjini. Baraza la wazee limenikabidhi uenyekiti wa kamati ya elimu ya Kikristo. Tuna shule ya Jumapili yenye watoto wengi na walimu wachache, darasa la kipaimara, umoja wa vijana, kwaya tatu na umoja wa wanawake. Wanaume hawana chao, na wastaafu vilevile. Kila mwaka watoto wanabarikiwa, yaani wanapokea kipaimara, na baada ya miezi michache hatuwaoni. Wajumbe wengine wanataka tufungue darasa la kila rika, wengine wanasema tufundishane wote pamoja kwenye jumuiya za nyumba kwa nyumba, na wapo wanaoona kwamba ushirika ni chai na michezo tu inayokula muda wa mafundisho. Fedha hatuna. Tuanzie wapi?"

Bwana Yesu asifiwe, mzee wangu. Naomba nianze na sentensi uliyoiandika kwa kupita tu, ile ya watoto kutoonekana miezi michache baada ya kubarikiwa, kwa sababu naamini maswali yako mengine yote, ya wanaume, ya wastaafu na hata ya fedha, yamefungwa humo. Kwa jinsi ulivyoueleza usharika wenu, vikundi mnavyo vya kutosha, na kila kikundi kina mlezi au mwenyekiti anayewajibika mbele ya baraza. Asiyekuwepo ni mtu wa kuwajibika kwa msharika anayetoka kundi moja kuingia jingine: mtoto anayemaliza shule ya Jumapili na kuanza kipaimara, aliyebarikiwa anayetakiwa kwenda kwa vijana, kijana anayeoa au kuolewa na kujiona hafai tena kukaa na vijana, mtumishi anayestaafu na kurudi nyumbani akiwa na wiki nzima isiyo na kazi. Watu hupotea kwenye vivuko hivyo, na mkifungua madarasa manne mapya leo mtakuwa mmeongeza vivuko vinne visivyo na mwangalizi.

Kwa hiyo msipige kura ya madarasa kwanza. Kazi ya kwanza ya kamati yako iwe daftari la kipaimara. Litoeni ofisini, chukueni majina ya waliobarikiwa katika miaka 3 iliyopita, na kwenye kikao cha baraza myasome jina kwa jina, kila mzee akieleza anachokijua kuhusu watoto wa eneo lake: yuko wapi, anasoma au anafanya kazi, mara ya mwisho alionekana kanisani lini, na ni nani nyumbani kwake anayeweza kufikiwa. Kazi hii inachosha na huenda ikahitaji zaidi ya kikao kimoja, lakini itawaonyesha kwamba wale mliokuwa mkiwahesabu pamoja kuwa wamepotea si watu wa namna moja. Wengine wako shule za bweni. Wengine wamehama na wazazi wao bila barua ya utambulisho. Wengine wanaimba kwaya katika usharika wa jirani kwa sababu huko ndiko waliko rafiki zao, na wengine wapo palepale mtaani, wanaegesha bodaboda hatua chache kutoka lango la kanisa na kuwaamkia wazee kila Jumapili wakipita. Huyu wa mwisho hahitaji darasa jipya, anahitaji mzee anayeijua namba yake ya simu.

Walio bweni ndio rahisi zaidi kuwafuatilia, na ndio tunaowaacha mapema zaidi. Mtoto anayekwenda kuanza kidato cha kwanza mbali na nyumbani aondoke na barua fupi ya mchungaji kwa mlezi wa UKWATA, yaani Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, katika shule anayokwenda, au kwa mchungaji wa usharika ulio karibu na shule hiyo, na jina lake litajwe katika maombi ya kanisa shule zinapofunguliwa. Kisha kuna kipindi ambacho sharika nyingi hukiacha kipite hivihivi. Mwanafunzi anamaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Kwa miezi yote hiyo kijana wa miaka 17 au 18 yuko nyumbani, ana nguvu, ana simu, na hana ratiba. Sijui wakati mwingine wowote katika maisha yake ambapo usharika utampata kwa urahisi kiasi hicho. Awekwe kuwa mwalimu msaidizi wa shule ya Jumapili kuanzia Januari, chini ya mwalimu mzoefu, apewe kikundi kidogo cha watoto wa miaka sita au saba, na kila wiki aandae hadithi moja ya Biblia. Atakayejifunza zaidi ni yeye mwenyewe.

Nirudi kwenye kipaimara chenyewe. Tazameni kwa macho ya mtoto kila kinachotokea kuanzia wiki ya mwisho ya mafundisho. Amehudhuria Jumamosi kwa miaka 2, amekariri Katekisimu, kile kitabu kifupi cha maswali na majibu ya imani, ameulizwa maswali mbele ya wazee, kisha ananunuliwa suti au gauni jeupe, anapigwa picha, ndugu wanakuja kutoka mikoani, keki inakatwa, mbuzi anachinjwa, na mshereheshaji anatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kijana wetu amemaliza. Hakuna neno hata moja katika siku hiyo linalomwambia kwamba ameanza. Sherehe siipingi, maana familia inayomshukuru Mungu kwa mtoto wake ina haki ya kupika pilau. Ninachopinga ni usharika kuiachia familia ndiyo iamue maana ya siku hiyo, halafu Jumapili inayofuata tushangae viti vyao vikiwa vitupu.

Asili ya kitabu wanachokikariri inaweza kutusaidia hapa. Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, baada ya ziara za ukaguzi wa sharika za Saksonia, Ujerumani, zilizomwonyesha kwamba wakristo wengi, na wachungaji wengi pia, hawakuyajua hata mambo ya msingi ya imani yao. Sehemu zake kuu aliziandikia kichwa cha habari kinachosema kwamba haya ndiyo mkuu wa nyumba anayopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Kitabu kiliandikwa kitumike mezani na kitandani, na ndiyo sababu kina sala za asubuhi, za jioni na za chakula. Darasa la Jumamosi lilikuja kuwa msaada kwa mzazi, nasi tumeligeuza kuwa mbadala wake: mzazi analipia vifaa, anamleta mtoto langoni, na kazi yake imekwisha. Mkitaka kurekebisha hilo bila gharama yoyote, amueni kwamba kila sehemu ya Katekisimu isikilizwe kwanza nyumbani, mzazi au mlezi atie sahihi kwenye daftari la mtoto, na wazazi wenyewe waitwe kwa mafundisho mara moja kila robo mwaka, pamoja na wadhamini wa ubatizo kama bado wapo karibu. Mtoto anayelelewa na bibi asiyejua kusoma asomewe naye bibi. Sahihi ya kidole gumba inatosha.

Kaskazini mwa nchi yetu swali hili liliulizwa kanisani tangu zamani. Bruno Gutmann, mmisionari wa misioni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kufanya kazi huko, hasa Old Moshi, hadi mwaka 1938, ingawa alikatizwa kwa miaka kadhaa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwamba malezi ya Wachaga yalisimama juu ya ukoo, ujirani na rika, na kwamba mafundisho ya kanisa yasiposimama juu ya mahusiano hayo yatamwacha mkristo peke yake. Katika kipaimara aliwaunganisha vijana katika vikundi vya watu wachache, kwa mfano wa udugu wa ngao uliojulikana katika mila zao, ili waangaliane wakati wa mafundisho na waendelee kuangaliana baada ya kubarikiwa. Gutmann amelaumiwa kwa kuupamba ukoo kupita kiasi na kwa kutilia shaka mno elimu ya kisasa na maisha ya mjini, na lawama hiyo naiona ya haki. Hata hivyo katika jambo hili moja alikuwa ameona mbali. Wanakipaimara wenu wagawanywe watatu watatu au wanne wanne tangu mwezi wa kwanza wa mafundisho, kwa kufuata mahali wanapokaa, na kila kikundi kipewe mlezi ambaye si mzazi wa yeyote kati yao. Mmoja akikosa Jumamosi, wenzake ndio wanaokwenda kumwona kabla mwalimu hajauliza. Siku ya kubarikiwa waitwe mbele pamoja na mlezi wao, na mlezi huyo aendelee nao kwa mwaka 1 kamili baadaye, akikutana nao mara moja kwa mwezi. Wakiwa 30, mnahitaji walezi kama 10, na hao mtawapata kati ya wanandoa vijana na kati ya wale wanaume mnaosema hawana kikundi.

Jumapili inayofuata baada ya kubarikiwa wawe na kazi: mmoja asome somo la Agano la Kale, wengine wakusanye sadaka, wengine wakae na fundi wa mitambo ya sauti. Pangeni ratiba hiyo kabla ya sherehe na muitangaze siku ileile, wageni wakisikia.

Umetaja kwaya tatu kana kwamba hazihusiani na elimu, nami naona ndizo shule yenu kubwa kuliko zote. Hesabuni saa. Kwaya ya vijana inafanya mazoezi jioni mbili au tatu kwa wiki, inafika kanisani mapema Jumapili na kuondoka mwisho, na wimbo mmoja unarudiwa mpaka kila sauti ikae mahali pake. Hakuna kikundi cha kujifunza Biblia kinachopata nusu ya muda huo. Anachokiimba kijana wa miaka 16 usiku wa Jumatano ndicho kitakachomjia mdomoni siku atakapolazwa hospitalini, na mara nyingi maneno yake yametungwa na mwalimu wa kwaya ambaye hakuna aliyewahi kuketi naye kuyapitia. Mabaraza mengi huihoji kwaya kuhusu sare, safari na fedha za kurekodi, lakini maneno ya nyimbo huyaacha. Mwombeni mwinjilisti au parishi woka, yaani mtumishi wa usharika asiye mchungaji, akae na kila kwaya robo saa mwanzoni mwa zoezi, wimbo mpya usomwe kwanza bila sauti za muziki, na waimbaji waulizane unasema nini juu ya Mungu na jambo hilo linapatikana wapi katika Maandiko. Walimu wa kwaya wenye busara watafurahi, kwa sababu mwimbaji anayeelewa maneno huyaimba vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye mabishano ya kamati, darasa la kila rika au wote pamoja. Watoto wanahitaji kugawanywa, na katika hilo waliopendekeza madarasa wana hoja. Mtoto wa miaka minne na wa miaka kumi na mmoja wakiwekwa ukumbi mmoja na mwalimu mmoja, mdogo analala na mkubwa anachoka, na baada ya muda yule mkubwa anaanza kukaa nje na kuchezea simu ya dada yake. Wagawanyeni angalau mara tatu, hata kama kundi moja litakaa chini ya mwembe. Lakini tusisahau shule ya Jumapili ilianzia wapi. Robert Raikes, mchapishaji wa gazeti katika mji wa Gloucester nchini Uingereza, alianzisha yake mwaka 1780 kwa ajili ya watoto maskini waliofanya kazi siku sita na kuzurura siku ya saba, na kilichofundishwa humo pamoja na imani kilikuwa kusoma. Ilikuwa shule kweli, ya watoto wasio na shule nyingine. Watoto wetu wanakaa darasani siku tano, na wengine siku ya sita wako tuisheni, kisha Jumapili tunawaketisha tena kwenye mabenchi mbele ya ubao, mbali na ibada.

Matokeo yake ni kwamba mtoto anaweza kufika miaka 12 akiwa hajawahi kuona mtoto mchanga akibatizwa, hajawahi kuona watu wazima wakipiga magoti kupokea Chakula cha Bwana, na hajui baba yake huimba sauti gani. Kisha tunamtoa ukumbini, tunamwambia kuanzia leo wewe ni wa ibada ya wakubwa, na tunashangaa kwamba hawezi kutulia kwa saa 2. Ezra aliposoma torati mbele ya lango la maji, kama tunavyosoma katika Nehemia 8, waliokusanyika walikuwa wanaume kwa wanawake na wote walioweza kusikia na kufahamu. Ninachopendekeza ni kitu kidogo: watoto wabaki kanisani tangu wimbo wa kuingilia mpaka masomo yamalizike, ndipo waende kwenye madarasa yao wakati wa mahubiri, na Jumapili ya ubatizo wakae mbele kabisa, mahali wanapoweza kuyaona maji. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ambayo watoto huiongoza ibada kila mwaka mwishoni mwa Septemba, ni nzuri sana, ila ibada moja kwa mwaka haiwezi kumfundisha mtoto kwamba kanisa ni lake. Kelele zitakuwepo, na watakaolalamika zaidi ni watu wazima wasio na watoto wadogo. Mchungaji aliseme jambo hilo mapema, kutoka madhabahuni.

Upande wa pili, waliopendekeza jumuiya nao wana hoja, na nguvu yake ni kubwa kuliko wanavyodhani. Wenzetu Wakatoliki walizifanya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika mkutano wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wa mwaka 1976, na makanisa mengine ya eneo letu, sharika zetu zikiwemo, yana mikutano kama hiyo ya nyumba kwa nyumba. Faida yake ni kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo rika zote hukutana bila kupangwa. Tatizo lake ni kwamba katika sehemu nyingi jumuiya imekuwa mahali pa matangazo na michango: bahasha za ahadi, harusi, msiba, ujenzi, na Neno linapata dakika kumi za mwisho, watu wakitazama saa. Msijaribu kuibadilisha kila wiki. Chagueni juma moja la kila mwezi liwe la somo la rika zote, michango isitajwe kabisa siku hiyo, na watoto waalikwe rasmi.

Nieleze namna somo la namna hiyo linavyokwenda, kwa sababu viongozi wengi wa jumuiya wanalipenda wazo lakini hawajui waanze na neno gani. Tuchukue Luka 2:41–52, Yesu akiwa na miaka 12 hekaluni. Familia saba au nane ziko sebuleni kwa mwenyeji, watoto mkekani, wazee kwenye makochi, vijana karibu na mlango kama ilivyo kawaida yao. Asome mtoto wa darasa la tano au la sita kutoka Biblia Habari Njema, kwa lugha atakayoielewa, kisha mzee asome sehemu ileile katika Union Version, ambayo amekuwa akiisikia tangu utoto. Maswali yaanzie kwa watoto, maana mkubwa akishajibu, mtoto hanyanyui mkono tena. Yesu alikuwa na umri gani? Walimtafuta siku ngapi? Nani hapa alishawahi kumpoteza mama sokoni? Swali hilo la tatu litaleta hadithi, na hadithi italeta kicheko, na chumba kitakuwa kimefunguka. Kisha vijana waulizwe kama Yesu alitenda vema kubaki nyuma bila kuwaaga wazazi. Msiwakimbilie na jibu, kwa kuwa Mariamu mwenyewe aliuliza hivyohivyo, na Luka anasema wazi kwamba wazazi hawakulielewa jibu walilopewa. Kisha zamu ya wazazi: Mariamu na Yusufu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara, sisi tunadhani wetu wako na nani jioni hii? Bibi au babu mmoja aeleze ni nani aliyewahi kumfuata yeye alipokuwa amejitenga na kanisa. Mwisho mwanakipaimara aliyepo asimame na kusema amri ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama, pamoja na maana yake kutoka Katekisimu, kwa sababu Luka anamaliza kwa kusema kwamba Yesu alirudi Nazareti akawa akiwatii. Dakika 40 zinatosha, kisha sala na chai.

Kuhusu chai, wajumbe wanaoihesabu kuwa upotevu wa muda wasome tena Matendo 2:42, ambapo fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali vinatajwa katika sentensi moja, bila kupewa vyeo. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na kwetu kupitia Kagera, ulikuza wakristo wengi wasiokuwa na shule kubwa kwa mikutano midogo ya ushirika, ambamo mchungaji na mpishi waliketi pamoja, wakasoma Neno, wakatubu kwa sauti na kushuhudia. Siwezi kuiita chai kuwa ushirika kwa sababu tu imenywewa kanisani. Chai ambayo wanawake wameinywa na wanawake, vijana nyuma ya jengo, na wazee ndani ya magari yao, haijamkutanisha mtu na mtu. Tazameni badala yake mnada wenu baada ya ibada. Kuku, mayai, mkungu wa ndizi na miwa vinapandishwa bei, mzee anamnunulia muwa mtoto asiye wake, kijana anamshindania bei mwenyekiti wa baraza, na kwa nusu saa rika zote ziko kwenye duara moja. Huo ni ushirika mnao tayari. Mkiweka birika la chai pembeni ya mnada, watu watabaki.

Kwa wanaume nina jibu fupi. Msiwaundie umoja kwa tangazo. Wanaume wa usharika wako tayari mahali fulani, kwa kawaida kwenye kamati ya ujenzi, fedha au mashamba, na huko hawakosi kikao. Kila kikao cha kamati hizo kianze na dakika 20 za Biblia, zikiongozwa kwa zamu na wajumbe wenyewe, siyo na mchungaji. Fundi mwashi anayejua kwamba mwezi ujao ni zamu yake ataisoma Nehemia nyumbani, na baada ya miezi kadhaa watakuwa wenyewe wanauliza kwa nini muda huo ni mfupi.

Wastaafu wanahitaji maneno zaidi kidogo, kwa kuwa tumewazoea kama watu wa kutembelewa. Aliyestaafu ualimu akiwa na miaka 60 anaweza kuwa na miaka mingi ya nguvu na ujuzi ambao usharika wenu unautafuta, nanyi mnasema walimu wa shule ya Jumapili ni wachache. Mwendeeni kabla hajaagwa kazini, mchungaji na mzee mmoja, mkampe ombi lenye kazi iliyotajwa kwa jina: kusimamia mitaala ya watoto, kwenda kufundisha kipindi cha dini katika shule ya msingi ya jirani, kuwaandaa walimu wasaidizi. Walio dhaifu nao wawe sehemu ya mafundisho ya wengine. Kila kikundi cha wanakipaimara kiwe na mzee mmoja asiyeweza kufika kanisani, kikamsomee Biblia, kimwombe afundishe wimbo mmoja uliombariki, na kiwepo mchungaji anapompelekea Chakula cha Bwana. Wenye macho hafifu watafutiwe Biblia ya maandishi makubwa, au wasomewe na vijana hao.

Jambo la walimu wa watoto lisipite bila kusemwa. Katika sharika nyingi ni mabinti walewale wawili au watatu, ambao kwa miaka hawajasikia mahubiri hata ya Krismasi kwa sababu muda huo wako ukumbini. Pangeni zamu ili kila mwalimu awe ibadani angalau Jumapili mbili kwa mwezi, na mchungaji akutane nao wote kuwafundisha somo la wiki zinazokuja kabla hawajalifundisha. Na usalama wa watoto si hiari: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na usharika unaopokea watoto unapaswa kuwa na utaratibu ulioandikwa. Watu wazima wawili katika kila chumba, mlango uwe wazi, mtoto asichukuliwe na mtu asiyejulikana kwa mwalimu, na mlezi wa kipaimara asikutane na mtoto mmoja peke yake nyumbani. Walezi wapya waulizwe habari zao kwa wanaowafahamu kabla ya kutangazwa. Mzee atakayeona masharti haya kuwa ni kumdharau, mwelezeni kwamba yanamlinda na yeye pia.

Kuhusu muundo wa kamati yako, usiwachague wajumbe kwa uwakilishi wa vikundi, mmoja wa kwaya, mmoja wa wanawake, mmoja wa vijana, maana kila mmoja atakuja kutetea kikundi chake. Mpe kila mjumbe kivuko kimoja: wa kwanza afuatilie watoto kuanzia ubatizo mpaka shule ya Jumapili, wa pili shule ya Jumapili mpaka kipaimara, wa tatu mwaka wa kwanza baada ya kubarikiwa, wa nne wanaokwenda na kurudi shuleni, wa tano wanaofunga ndoa, wa sita wanaostaafu. Kila mmoja awe na daftari la majina na alete taarifa yake kila robo mwaka, na taarifa hiyo isomwe kwenye baraza kabla ya taarifa ya fedha.

Fedha zenyewe si nyingi, lakini lazima zionekane. Mengi niliyoyaeleza hapa yanataka muda wa watu tu. Yanayotaka shilingi ni nauli ya walimu, madaftari, karatasi na kalamu za rangi, mikeka miwili ya ukumbini na sukari ya chai. Ulizeni pia sadaka ya shule ya Jumapili inakwenda wapi, kwa sababu mara nyingi huingia kwenye kapu kuu na watoto hawaambiwi imefanya nini. Ombeni sehemu yake irudi kwao kwa azimio la baraza, na watoto watangaziwe kilichonunuliwa. Ombi lote liandikwe ukurasa mmoja, likiwa na majina ya wajumbe sita na kazi zao, na lifike kwa mchungaji na mtunza hazina kabla bajeti ya mwaka ujao haijaanza kujadiliwa, maana jambo lisilo na mstari wake kwenye bajeti huahirishwa kwa mwaka mzima mwingine, na wanakipaimara wa mwaka huu watakuwa wameshabarikiwa.